Siku Niliosha Chungu ya Mama Rhoda na Sabuni

Wacha niseme mwenyewe kabla mtu mwingine hajawaambia vibaya: ni kweli, ni mimi nilimwogesha mkwe wa watu na busaa kutoka kofia mpaka soksi, mbele ya wazee kumi na wawili, kuku, na Wasabato waliokuwa wanatoka kanisani, na kama mmesikia ati ilikuwa jerikeni moja, huyo aliyewaambia amenihurumia, zilikuwa mbili. Mpaka leo nikipita soko ya Uriri kuna mzee mmoja hufungua mwavuli. Mvua hakuna. Ni mimi tu ameniona.

Sasa kaeni vizuri, kwa sababu hii maneno haikuanza na pombe, ilianza na sifa.

Hiyo ni miaka ya tisini, ile ya karibu kwisha. Tulikuwa wanawake watano tunapika busaa, na mkubwa wetu alikuwa Mama Rhoda, mwanamke mwembamba wa maneno kidogo, ambaye angeweza kuweka sikio kwa chungu akuambie hii inataka siku moja na nusu, na ikifika siku moja na nusu, kweli, inaiva. Chungu yenyewe ilikuwa yake, alipewa na mama mkwe wake, kubwa sana, mimi ningeingia ndani na bwanangu na bado mbuzi apate mahali pa kulala (sawa, bila bwanangu, alikuwa na miguu mirefu). Ilikuwa inazunguka, wiki hii iko kwangu, wiki ijayo kwa mwingine. Na haikuwa inaoshwa. Mkimaliza pombe mnaipangusa na majani, mnaacha ule utando wa chini, kwa sababu huo utando ndio ulikuwa unaamsha pombe mpya. Mama Rhoda alikuwa anauita "mama." Sisi wote tulikuwa tunajua: usiguse mama.

Na pombe yako ikikataa kuamka, ulikuwa unafanya nini? Simu hakuna. Unamwambia mtu mmoja tu asubuhi kwa kisima, na kabla jua ifike kichwani wanawake wanne wako kwako, kila mmoja na kidole ndani ya chungu na maoni yake, huyu anasema ongeza kimea, huyu anasema ulichoma unga sana wakati wa kukaanga kwa mabati, huyu anasema ni kwa sababu ulipika ukiwa umemkasirikia bwana, wanatukanana hapo kidogo, wanamaliza chai yako yote, na jioni pombe inachemka. Hiyo ndiyo ilikuwa kikundi yetu. Hakuna mtu aliandika jina popote.

Sasa, mdogo wa bwanangu, shemeji Ochieng, alikuwa mtu wa kutumwa kwa ofisi moja ya mambo ya maji huko Homa Bay, na mkubwa wake alikuwa mzungu anaitwa Tomu. Siku moja shemeji akaja na habari ambayo nilifikiri amelewa.

"Shemeji," akaniambia, "Tomu anapika pombe. Kwa ndoo. Anaiweka bafuni."

"Sasa anaoga wapi?"

"Ziwa si iko hapo? Lakini sikia, ameambiwa wewe ni fundi. Anataka kukuona."

Mimi naye! Nilivaa viatu ya harusi ya mtu mwingine nikaenda. Tomu alikuwa kijana mrefu na mwekundu kama matofali, akanisalimia "oyawore" saa nane mchana (hiyo ni salamu ya Kijaluo ya asubuhi, lakini nilimwitikia, mtu akijaribu unamsaidia). Akanionyesha ndoo yake. Ilikuwa imefungwa kabisa na mfuniko, na mpira mdogo unatoka juu unaingia kwa chupa ya maji, na hiyo chupa inasema blup. Unangoja. Blup. Nikamwambia shemeji, muulize kama hiyo kitu inapumua au inaumwa.

Halafu akatupeleka kwa kompyuta. Ilikuwa ya kwanza mimi kuona. Ikalia kwanza kama kanga ameshikwa mguu, ikanyamaza, halafu Tomu akasema barua zimeingia. Wapi? Kwa waya wa simu. Kumbe kulikuwa na kikundi ya watu wa kupika pombe nyumbani, mmoja yuko Amerika, mwingine Australia, mwingine mahali ya baridi sana mpaka pombe inavalishwa blanketi, hawajawahi kuonana, hakuna anajua kama mwenzake ana meno, na kazi yao ni kuulizana maneno ya pombe mchana na usiku. Shemeji akawa ananisomea. Mmoja amesema pombe yake imekataa kuamka. Kumi wamemjibu. Huyu anasema ongeza hii, huyu anasema ulichoma nafaka sana, halafu wawili wamegeukiana wanatukanana juu ya joto ya maji.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Shemeji, hawa ni wanawake wa kisima! Ni vile tu wamepitia kwa waya."

Na kweli hiyo ilinigusa, sitaficha. Nilikuwa nafikiri hii kazi ni ya sisi wa kujificha askari wa chifu, watu wasiosoma, na kumbe kuna madaktari huko ng'ambo wanakosa usingizi juu ya ndoo. Tomu akaniuliza vile tunafanya, nikasema yote, unga kuoza siku tatu, kukaanga, kimea ya wimbi, na ule utando, akaandika, akatuma. Nilikaa kwa shemeji siku mbili, na majibu yakaja, yamechapwa kwa ile karatasi ndefu ya mashimo pande mbili. Shemeji aliikunjua kwa meza, ikashuka kwa sakafu, ikapita mlangoni, kidogo tu ingeenda soko ya samaki.

Walinisifu! Watu ambao sitawahi kuwaona walikuwa wananiita "the mama wa Kenya." Waliuliza joto ni ngapi, nikasema ni kama ya kwapa ya mtoto, na Tomu alituma hivyo hivyo. Lakini karibu wote walikuwa na neno moja. Shemeji akasoma polepole na uso ya huruma, kama anasoma barua ya kifo.

"Wanasema huo utando ni uchafu, shemeji. Wanasema osha kila kitu na dawa. Halafu utumie hamira ya paketi, na ufunge pombe kabisa, hewa isiingie."

"Na Tomu anasemaje?"

Tomu akatikisa kichwa ile ya ndiyo, akanipatia paketi tatu za hamira.

"Shemeji," Ochieng akaniambia, "hawa ni watu wamesoma."

Na mimi, ambaye nilienda shule siku mbili, na ya pili nilikuwa napelekea ndugu yangu chakula, nikaamini.

Nikarudi Uriri na ile karatasi imekunjwa ndani ya kanga. Asubuhi kwa kisima nikaikunjua, wanawake wakaishika huku na huku kama wanaanika shuka. Nikawaambia mimi najulikana Australia. Mama Rhoda alingoja nimalize.

"Nyieka," akaniambia (hiyo ni mke mwenza, tunaitana hivyo kwa utani), "hao watu wamewahi kuonja yako?"

"Hapana, lakini..."

"Mm."

Ni hiyo tu. Akabeba maji yake akaenda.

Sasa wiki hiyo ndiyo watu wa Suna walikuwa wanakuja kwa Mama Rhoda juu ya msichana wake, Atieno. Kijana ameshampenda, wazee wanakuja kuzungumza ng'ombe, na kwetu mazungumzo kama hayo hayafungwi na mdomo mkavu. Ruhusa ya chifu ilikuwa imepatikana. Mama Rhoda mwenyewe alikuwa na nyumba ya kupaka, kuku ya kuchinja, mashangazi ya kupatanisha, na chungu ilikuwa kwangu, zamu yangu. Akaja Jumatatu mpaka mlangoni.

"Nyieka, nakuachia midomo ya wageni. Huyo mzee wa kuongea kwa niaba yao, Mzee Ogola, nasikia ni mtu wa kukasirika haraka. Usiniangushe."

Nikamwambia lala usingizi.

Na alipogeuka tu, nikaangalia ile chungu. Nikaangalia utando. Mnajua mtu akishakuambia kitu ni uchafu, hata kama umekula nayo miaka kumi, inaanza kukuangalia vibaya. Nikaenda dukani kwa Mzee Salim, nikanunua sabuni ya mche na ile dawa ya maji ya kutoa madoa, na sukari. Mzee Salim akaangalia vitu, akaniangalia, akasema, "Mama, mimi nimekuuzia vitu vya kufua, sijui kitu kingine," akanipatia chenji akiangalia dari.

Nikaosha. Wueh, nikaosha! Nilisugua mpaka ile chungu ikabadilisha rangi, ikawa kama mtu ametoka jela. Ule utando uliposhuka kwa shimo la takataka, kuku walikula wakaanza kuimba. Nikajisikia msafi, msomi, mtu wa ng'ambo.

Nikapika, unga ulikuwa umeshaoza na kukaangwa. Jumanne pombe imenyamaza. Jumatano nikaweka sikio kama Mama Rhoda, nikasikia tu moyo wangu. Hapo sasa, marafiki, ndio ningeenda kwa kisima niseme neno moja tu. Moja! Lakini ningesemaje? Juzi nimewaambia najulikana Australia. Shemeji alikuwa ametumwa Kisumu, Tomu siwezi kumfikia, karatasi siwezi kusoma. Nikakaa na chungu kimya kama watu wawili wamegombana. Alhamisi nikatupa paketi zote tatu pamoja (baadaye niliambiwa moja ingetosha kijiji), nikaongeza sukari yote, na kwa sababu nilikumbuka walisema funga kabisa, nikaimwaga kwa jerikeni mbili za lita ishirini, nikaweka nailoni kwa mdomo, nikakaza mfuniko mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Ule mpira wa blup ndio nilisahau. Nilifikiri ni urembo. Halafu nikaziweka juani, ndio zipate joto ya kwapa.

Ijumaa zikaanza kuvimba. Jumamosi asubuhi zilikuwa na tumbo ya miezi tisa. Mimi nikafurahi! Nikasema hii ndiyo pombe ya kisasa, hata sura yake ni ya shibe.

Wageni wakafika kwa Mama Rhoda. Waliketi chini ya turubai, Mzee Ogola katikati, kofia, koti ya manjano nyepesi, soksi nyeupe, fimbo. Maneno ilikuwa imeenda vizuri, ng'ombe zimekubaliwa, wanacheka, na Mama Rhoda akanifanyia ishara niingize pombe. Kawaida unaingia kwa heshima, unapiga magoti kidogo, unamimina, unaonja mwenyewe kwanza, unatoka. Mimi nikatoa hotuba.

"Wazee wetu wa Suna," nikasema, "hii mnaona si busaa ya kawaida. Hii imeangaliwa na wataalamu wa nchi nne."

Mama Rhoda alikuwa ameangalia jerikeni. "Nyieka," akaninong'onezea, "imevimba. Peleka kule nyuma, ufungue polepole."

"Wacha, dada, hii ni ya kisasa."

Nikainama. Jerikeni ilikuwa inaangalia Mzee Ogola. Nikazungusha mfuniko mara moja. Nikazungusha mara ya pili.

Sikumbuki mara ya tatu. Nakumbuka sauti kama tairi ya lori, nakumbuka mfuniko umetoboa turubai ukaenda zake, na nakumbuka busaa imesimama hewani kama mti, halafu huo mti ukamwangukia Mzee Ogola. Yote. Na machicha yake. Askari wa chifu ambaye alikuwa amekuja kula alilala chini akafunika kichwa. Kuku walihama kata. Na wakati kila mtu bado amefungua mdomo, ile jerikeni ya pili, ambayo hakuna mtu ameigusa, naapa, ikaona wivu ikapasuka yenyewe. Hapo barabarani Wasabato walisimama na Biblia zao, na mama mmoja akasema kwa sauti safi, "Si tuliwaambia?"

Mzee Ogola hakusonga. Punje ya wimbi ilikuwa kwa nyusi, ingine kwa sikio. Akatoa ulimi polepole, akalamba mdomo wa juu, akafikiria.

"Mama," akaniuliza, "hii ni pombe, ama mmenimwagia maji ya kufua?"

Watu wa Suna wakaanza kusimama. Kijana wa Atieno alikuwa ameshika kichwa. Atieno alikuwa anachungulia mlangoni, na nikaona uso wake, na huo uso sitaufanyia mzaha. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ilikuwa imelowa, hata yenyewe haikunitaka.

Mama Rhoda hakupiga kelele. Alisema tu, "Wazee, tafadhali, kaeni kidogo," halafu akatoka nje akageuka kulia, kwenda kwangu. Nikajua anaenda wapi. Nikamfuata mbio. Alikuwa ameinamia chungu, ameingiza kichwa yote ndani. Akavuta pumzi. Alipotoa kichwa alikuwa na uso ya mtu ametoka kuona maiti.

"Umeosha mama."

Nikainama nikapapasa chini ya chungu na mkono, kama utando umebaki.

"Hii ilikuwa ya mama mkwe wangu," akasema. "Aliniachia nikiwa bado sijui hata kukoroga." Akapangusa mikono kwa kanga yake, akanipita. Halafu kwa mlango, bila kugeuka: "Lazima uliona imelala, tangu Jumanne. Tulikuwa hapo kwa kisima kila asubuhi. Kwa nini hukusema?"

Wale wanawake watatu wengine wa kikundi hawakungoja kutumwa. Huyu alikuwa na kibuyu ya pombe iliyobaki mazishi ya wiki iliyopita, huyu ana sufuria ya kitu bado mchanga, huyu ametoa ile alikuwa amemfichia bwanake chini ya kitanda, wakachanganya yote kwa beseni, wakaonja, wakabishana, wakaongeza kimea, wakaingia nayo wakipiga vigelegele kama vile hiyo ndiyo ilikuwa mpango tangu mwanzo. Mzee Ogola akaosha uso, akavalishwa leso ya maua ya bibi ya nyumba. Akanywa kikombe ya kwanza akiwa amekunja uso. Ya pili akafungua uso. Ya tatu akasema yeye amekwenda mazungumzo mengi ya ng'ombe lakini hakuna mahali alibatizwa kwanza, na watu wakacheka, na Atieno akaolewa. Leo ana watoto wanne.

Lakini mimi na Mama Rhoda, hapana. Alinisalimia, ndiyo. Kwa mkono ya baridi. Chungu ilirudi kwake na haikuzunguka tena. Wale wanawake walijaribu kuamsha mama mpya, ikakataa, pombe ikawa na uchungu mdomoni, ikawa nyepesi. Na mimi nikipita kisima maneno yanaisha.

Shemeji alimweleza Tomu, na Tomu akawaandikia wale watu. Majibu yakaja, na nilifikiri watacheka (walicheka pia). Lakini mmoja, mzee wa Amerika, aliandika hivi, shemeji alinisomea mara mbili: "Mwambie mama anisamehe. Nilimwambia aoshe na sikuuliza ni chungu ya aina gani." Mtu hajui hata sura yangu na ameomba msamaha, na mimi kwa Mama Rhoda, nyumba tatu kutoka kwangu, bado sijaomba. Nilikuwa nimefanya vichekesho mingi. Msamaha, hapana.

Nikaanza kutembea. Nilifikiri hivi: Mama Rhoda amefundisha watu miaka mingi, si lazima kuna mtu alibeba kidogo ya ule utando akahama nayo? Nikauliza Rongo, hakuna. Nikauliza mpaka Homa Bay kwa wauza samaki, wakanicheka. Mwezi wa pili wa kutembea ndio nikaambiwa kuna Mkuria mmoja Suna, Mama Robi, aliwahi kuishi Uriri kabla bwanake ahame na kazi. Nikampata anachambua wimbi. Nikamwambia yote, bila kuongeza chumvi (ndio mnajua nilikuwa mgonjwa). Akaingia ndani akatoka na kibuyu nyeusi.

"Hii ni ya Mama Rhoda," akasema. "Alinipa nikihama. Mimi naipatia tu chakula."

Nilibeba hiyo kibuyu mapajani kama mtoto wa mtu. Nilifika kwa Mama Rhoda jua ikiwa bado juu, nikapiga magoti, magoti ya kweli, nikasema, "Nilikosa. Niliona haya kuuliza, na nikaharibu kitu haikuwa yangu." Alichukua kibuyu akaiweka sikioni. Akasikiliza muda mrefu sana, mpaka magoti yangu yakaanza kuongea. Macho yake yakajaa maji.

"Alhamisi," akasema, "chungu iko kwako."

Sasa siku hizi Mama Rhoda amelala, Mungu amrehemu, Tomu alirudi kwao, na ile kikundi ya waya sijui iliishia wapi. Mjukuu wangu ameniingiza kwa zingine kwa simu, za watu wa Nairobi na wa ng'ambo wanapika nyumbani kwa kupenda tu, na ananisomea. Wamebadilika, mimi nawaambia! Zamani walikuwa wananipigia kelele nioshe, leo wanalipa nauli ya ndege kutafuta chungu ambayo haijaoshwa, wanapiga picha ya utando wanaweka moyo mwekundu. Wanapigana vilevile juu ya joto. Lakini kuna kitu nakosa: pombe ya mtu ikilala, watu mia mbili wanamjibu na hakuna mmoja anakuja kumaliza chai yake.

Mimi nimeapa, kitu ya jirani siwezi kuigusa kwa neno la mgeni kabla nimuulize jirani, hata mgeni awe amesoma mpaka vitabu vimeisha. Kuandika bado sijui. Natuma sauti. Na kila mara kijana mgeni akiingia kwa kikundi akauliza aoshe na dawa gani, mjukuu ananishikia simu kwa mdomo, na mimi namuuliza swali yangu ile moja, na wote wanasikia, hata wale wa Australia:

"Kwanza, mwanangu, hiyo chungu ni ya nani?"